Gari la Familia Litalala kwa Nani?

Familia yetu ina pesa ya gari moja. Baba, Anti na Anko wamechanga kwa miaka minne, na sasa grupu ya WhatsApp ya nyumbani imegawanyika kama wakati wa kura. Anko anataka Mitsubishi Outlander PHEV, ile SUV haibridi unayochomeka kwa soketi kama simu. Anti anataka Toyota Noah haibridi, ile vani ya viti saba. Baba anasema "tutaona", yaani bado anahesabu pesa.

Mimi ndiye nimepewa kazi ya kutafuta habari, kwa sababu kwao kijana anayeshinda kwa simu lazima anajua kila kitu. Nimetazama video mpaka bando ikaisha. Lakini kilichonisaidia zaidi ni historia ya kwetu, Migori na Homa Bay, zamani zote zikiitwa South Nyanza. Wacha nianze mbali kidogo, nitafika kwa magari.

Reli ya Uganda ilifika Kisumu mwaka wa 1901. Haikuja kwetu. Kwetu zilikuja meli, zikatia nanga Kendu Bay na Homa Bay, na biashara ikafuata gati. Kama uliishi karibu na gati, dunia ilikuwa karibu. Kama uliishi kule juu Ndhiwa ama Rongo, ulitembea na mzigo kichwani. Kwa hivyo chombo kipya kikija, ukitaka kujua kitamfaa nani, usiulize kina kasi gani. Uliza kinasimama wapi.

Stima nayo ilikuja vivyo hivyo. Miaka ya 1950, maporomoko ya Gogo kwenye mto Kuja, huko Migori, yalijengewa kituo cha umeme. Ni kidogo tu, megawati 2. Lakini hakikujengwa ili watoto wa pale wasome usiku. Kilijengewa mgodi wa Macalder, wa shaba na dhahabu. Mgodi ulifungwa miaka ya 1960, na wanavijiji wengi wa upande huo wakaendelea na koroboi kwa miongo mingine mingi. Kwa Dani, yaani nyanya yangu, anayeishi kati ya Rongo na Ndhiwa, stima iliingia nikiwa darasa la saba. Hata leo mvua kubwa ikinyesha, inapotea siku mbili tatu.

Sasa magari. Wazee wakisema "gari" kwa heshima, wanamaanisha Pijo. Peugeot 404 ilishinda Safari Rally mwaka wa 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. 504 ikashinda 1975 na 1978. Tangazo gani lingine ungetaka? 504 ziliunganishwa hapa hapa Kenya, Mombasa. Iliyopendwa na familia ilikuwa ile ndefu ya safu tatu za viti. Baba anakumbuka Pijo ya mwalimu mmoja kijijini kwao: ilikuwa ambulensi, ilikuwa gari la harusi, na keria yake ilibeba majeneza. Hakuna aliyeuliza injini ni ya ukubwa gani. Waliuliza, "Mwalimu yuko nyumbani?" Kwa sababu kama mwalimu hayuko, gari haliko.

Mwaka wa 1973 Rais Kenyatta aliruhusu matatu zibebe abiria bila zile leseni za mabasi, na safari ikawa ya kila mtu, ingawa ya kubanana. Mwaka wa 2004 sheria za Michuki zikaleta mikanda na abiria 14 kwa Nissan. Lakini huku kwetu, ukitoka lami kuu, aliyeziba pengo ni Probox. Hii gari Wajapani waliitoa 2002 kwa kazi za ofisi na mizigo midogo. Ina viti vitano. Sisi tumeipandisha watu tisa, dere akikalia nusu ya kiti. Si jambo la kujivunia, watu wamekufa. Lakini linakuonyesha shida yenyewe: kwetu watu ni wengi kuliko viti.

Najua hilo vizuri. Aprili mwaka jana Dani aliugua saa nane usiku. Gari lililopatikana lilikuwa Probox, na tayari lilikuwa na watu. Mama wa miaka 81 alienda hospitali akigawana kiti cha mbele na mtu asiyemjua. Alipona, lakini ndipo mchango wa gari ulipata nguvu.

Haya, tulinganishe. Toyota ilianza kuuza Prius 1997, na 2001 ikatoa Estima haibridi, vani ya familia. Noah haibridi ikafuata 2014. Hii haichomekwi popote. Betri yake ndogo inajazwa na injini na breki unapoendesha. Outlander PHEV ilianza kuuzwa Japani 2013, na ina betri kubwa unayoichaji kwa stima. Kwa kuwa Kenya hairuhusu gari lililozidi miaka 8, Outlander tunayoweza kuleta ni ya kama 2019: betri ya kilowati-saa 13.8, na karibu kilomita 60 bila kugusa petroli, betri ikiwa mpya.

Anko ana hoja, tusimdharau. Anaishi Homa Bay mjini na anafundisha kilomita 14 kutoka nyumbani. Kwenda na kurudi ni 28. Tuseme yuniti moja ya stima ni shilingi 30: kujaza betri yote ni kama shilingi 414, na anaweza kwenda shule siku mbili bila kuona pampu. Pia Outlander inasukuma magurudumu yote manne. Ukijua ule udongo mweusi wa Ndhiwa wakati wa mvua, hiyo si anasa. Noah haibridi ya miaka hiyo inasukuma ya mbele tu.

Lakini angalia safari zetu wenyewe. Kutoka Nairobi mpaka kwa Dani ni zaidi ya kilomita 350. Betri ya Outlander itakuwa imeisha kabla ya Narok, na kuanzia hapo unabeba betri nzito ukichoma petroli kama wengine. Kwa kipimo cha Wajapani, betri ikiisha Outlander inaenda kilomita 18.6 kwa lita. Noah ni 23.8. Barabarani zote zitashuka, lakini pengo liko. Halafu viti: Outlander hiyo ni watano, Noah ni saba. Na Noah ina sakafu ya chini na mlango wa kuteleza. Mtu wa magoti mabovu anaingia bila kuinuliwa kama gunia.

Anko akaleta turufu: "Outlander inaweza kuwasha nyumba stima ikipotea." Kweli, nyingi zina soketi ya wati 1500. Lakini ni ya volti 100 za Japani. Hapa kwetu ni 240, kwa hivyo utahitaji transfoma. Na kuna Noah haibridi zilizouzwa na soketi kama hiyo, ukitafuta vizuri.

Basi mimi shida yangu si bei wala mafuta. Ni ile plagi. Gari la kuchomeka linalala penye stima ya kuaminika, na katika familia yetu hapo ni kwa Anko. Hakuna mtu ana nia mbaya. Lakini wiki ya kwanza litalala kwake kwa sababu ya chaji, mwezi wa pili litaenda naye shule, na mwaka ukiisha tutakuwa tunasema "gari la Anko". Siku Dani akiugua tena usiku, tutapiga simu kuuliza kama noti za Pijo: mwalimu yuko?

Noah inaweza kulala kwa Dani. Binamu yangu yuko pale na ana leseni. Stima ikikatika, haijali.

Kama wewe unaishi mjini, una mita yako, watoto wawili na safari fupi kila siku, chukua Outlander na usinisikilize. Kama gari ni lako peke yako, plagi ni rafiki yako. Lakini kama mmechanga, kabla hujauliza kuhusu kilomita kwa lita, uliza litalala kwa nani.

Kura ya familia ni Jumapili. Nimeshamwambia Anko uso kwa uso kwamba sitampigia. Amecheka, akasema, "Sawa, lakini siku mkikwama kwenye matope, msinipigie simu." Tutampigia tu. Na nina uhakika atakuja.