Milima ya Bara la Barafu

Katika ncha ya kusini ya dunia iko nchi kubwa isiyo na kijiji wala shamba, nayo yaitwa Antaktika. Eneo lake lapata kilometa za mraba milioni 14, na karibu yote imefunikwa na barafu yenye unene wa kilometa 2 kwa wastani. Mtu aweza kudhani kwamba nchi kama hiyo ni uwanda mweupe tu. Sivyo. Ina milima mirefu, na habari za milima hiyo zatugusa hata sisi wa Afrika.

Nahodha James Cook, Mwingereza, alifika katika bahari zile mwaka wa 1773, lakini barafu ilimzuia, akarudi asiione nchi kavu. Mwezi wa Januari 1841 James Clark Ross alipenya kwa merikebu mbili, Erebus na Terror. Akaona safu ya milima mbele yake, na mlima mmoja ukitoa moto na moshi katikati ya theluji. Akauita Erebus kwa jina la merikebu yake, nao wawaka hata leo.

Safu ile yalikata bara zima, ikitenga mashariki na magharibi. Urefu wake wapata kilometa 3,500. Basi waliotaka kufika Ncha ya Kusini kutoka pwani ile hawakuwa na budi kuipanda. Njia zao zilikuwa mito ya barafu ishukayo polepole mabondeni, yenye nyufa ziwezazo kummeza mtu. Mwaka wa 1908 Ernest Shackleton alipanda kwa mto wa barafu uitwao Beardmore, na huko juu yalionekana makaa ya mawe. Ajabu iliyoje! Makaa ya mawe hutokana na mimea ya kale, na pale haumei hata mti mmoja. Chakula kilipopungua, Shackleton alirudi tarehe 9 Januari 1909, ingawa zilisalia kilometa 180 tu.

Roald Amundsen, Mnorwe, alipanda kwa njia nyingine akivutwa mizigo na mbwa, akafika Nchani tarehe 14 Desemba 1911. Robert Scott na wenzake wanne walifika tarehe 17 Januari 1912, wakiburura mizigo kwa nguvu zao wenyewe, wakaona kwamba wametanguliwa.

Katika kurudi, wakiwa wamechoka, walisimama chini ya mlima Buckley, na Daktari Wilson akaokota mawe yenye alama za majani. Baadaye Evans alikufa, kisha Oates. Watatu waliosalia walifia hemani mwishoni mwa Machi, kama kilometa 20 kutoka ghala yao ya chakula. Waliowatafuta waliwakuta mwezi wa Novemba, pamoja na ratili 35 za mawe. Vitu vingine walikuwa wameviacha njiani ili kupunguza uzito, mawe hawakuyaacha.

Je, huu ulikuwa upumbavu? Ratili 35 ni mzigo mzito kwa mwenye njaa, nasi hatuwezi kusema kwamba haukuwapunguzia nguvu. Lakini majani yale yalikuwa ya mmea uitwao Glossopteris, ambao alama zake zimeonekana pia katika miamba ya Bara Hindi, Australia, Afrika ya Kusini, na hata Ruhuhu, kusini mwa Tanzania. Mti hautembei juu ya bahari. Mawe yale yakawapa wataalamu ushahidi kwamba zamani sana nchi hizi zote zilikuwa bara moja. Mwaka wa 1969 mifupa ya mnyama wa kale, Lystrosaurus, ilipatikana katika safu ile ile. Mifupa kama hiyo imo katika miamba ya Afrika ya Kusini.

Tangu hapo mengi yamejulikana. Mlima mrefu kupita yote huko ni Vinson, mita 4,892. Watu waliufikia kileleni mwaka wa 1966. Warusi waligundua mwaka wa 1958 kwamba iko milima mingine, iitwayo Gamburtsev, iliyozikwa kabisa chini ya barafu, wala hakuna jicho lililoiona. Na mwaka wa 1959 mataifa 12 yalipatana kwamba bara lile liwe la amani na elimu.

Basi tuonapo jiwe lenye alama ya jani, tusilitupe upesi.