Anwani za Kiswahili katika Picha za George Lilanga

Wanahistoria wa sanaa ya kisasa nchini Tanzania wamemtazama George Lilanga zaidi kama fundi wa maumbo na rangi. Mkabala huo una ukweli, lakini unaiacha kando lugha yake.

Lilanga, Mmakonde aliyezaliwa mwaka 1934 kusini mwa Tanzania, alianza kwa kuchonga. Katika miaka ya 1970, akiwa Dar es Salaam, alipata kazi ya ulinzi katika Nyumba ya Sanaa kwa msaada wa mjomba wake, mchongaji Augustino Malaba. Humo alijifunza batiki na uchapaji wa picha, na baadaye akageukia rangi. Mwaka 1978 kazi zake zilionyeshwa Washington. Alifariki mwaka 2005.

Mashetani wake hawafuati vipimo vya mwili wa binadamu. Masikio ni makubwa, midomo imevimba, na viungo vimesokotana hadi kuujaza ubao wote. Kwa hiyo mtazamaji wa ng'ambo aliweza kuzipokea picha hizo kama mchezo wa mistari, jirani ya sanaa dhahania. Wapo waliomlinganisha na Keith Haring wa Marekani.

Hata hivyo, picha zake nyingi zilipewa anwani za Kiswahili, na baadhi ya anwani hizo ni sentensi kamili. Kitenzi cha Kiswahili hubeba kiambishi cha nafsi na cha wakati. Humtaja mtenda na hueleza tendo lilipo. Kwa msomaji wa Kiswahili, basi, maumbo yale ni watu wenye shughuli: wanasherehekea, wanaugua, wanalea, wanagombana. Anwani ikifupishwa kuwa neno moja la kigeni, nafsi na wakati hutoweka, na picha hubaki pambo.

Wanaisimu wana mfano wa karibu. Mmisionari J. T. Last, aliyefanya kazi Mamboya, Ukaguruni, alichapisha sarufi ya Kikaguru mwaka 1886. Maneno aliyoyasikia huko yanaweza kuchunguzwa hata leo kwa sababu yaliandikwa katika lugha yenyewe, pamoja na tafsiri zake. Anwani za Lilanga zinastahili uangalifu huohuo: zinakiliwe kama alivyoziandika, tahajia yake ikiachwa ilivyo, kabla picha hazijatawanyika zaidi katika mikusanyo ya watu binafsi. Urithi wake ni picha pamoja na sentensi, na sentensi ndiyo iliyo rahisi zaidi kupotea.