Kompyuta Ikikosa Mtandao Baada ya Kusasishwa: Mambo ya Kukagua Kabla ya Kununua Kifaa Kipya

Katika kata ya Miyuji, kaskazini mwa Jiji la Dodoma, kama ilivyo katika kata nyingine za jiji hilo, maduka madogo ya uchapaji yamekuwa mlango wa wananchi wengi kuingia katika huduma za Serikali zinazotolewa kwa njia ya mtandao. Mmoja huja kupata kumbukumbu namba ya malipo, mwingine kutuma maombi ya kazi kupitia Ajira Portal, mwingine kujaza fomu ya mkopo wa elimu ya juu, na mzabuni mdogo kuingia katika mfumo wa ununuzi wa umma wa NeST. Nyingi ya huduma hizo zina tarehe ya mwisho, na mfumo ukishafungwa hausubiri maelezo ya mtu ambaye kompyuta yake iligoma.

Hali inayojitokeza mara kwa mara ni hii: kompyuta iliyofanya kazi vizuri jana imejisasisha usiku, na asubuhi inawaka kama kawaida lakini haina mtandao. Alama ya waifai imetoweka, au inaonekana lakini kurasa hazifunguki. Hitimisho la haraka huwa kwamba kadi ya mtandao imeungua, na mwenye duka hutafuta fedha ya kununua nyingine. Katika hali nyingi hitimisho hilo si sahihi.

Mfumo endeshi hauzungumzi na kadi ya mtandao moja kwa moja. Hupitia programu ndogo iitwayo draiva, ambayo kwa kawaida huandaliwa na mtengenezaji wa kadi. Mfumo unaposasishwa, draiva ya zamani huweza kubadilishwa na nyingine isiyolingana vyema na kadi iliyopo, au kuachwa ilivyo huku mfumo wenyewe ukiwa umebadilika. Kadi inabaki nzima, ila hakuna wa kuipa maelekezo inayoyaelewa. Wakati mwingine draiva haina tatizo lolote. Kilichopotea ni mipangilio, kama vile anwani ya IP iliyowekwa kwa mkono.

Mifano ipo. Desemba 2016, watumiaji wa Windows 10 katika nchi kadhaa za Ulaya, ikiwemo Uingereza, walijikuta kompyuta zao hazipati anwani ya mtandao. Microsoft iliwashauri kuwasha upya kompyuta, ikasisitiza kuwa kuizima na kisha kuiwasha si sawa na kuiwasha upya. Machi 2018, sasisho la Windows 7 na Windows Server 2008 R2 lenye namba KB4088875 lilisababisha baadhi ya kompyuta na seva kupoteza anwani za IP zilizowekwa kwa mkono. Desemba 2023, masasisho ya Windows 11 yalizuia baadhi ya kompyuta kuunganishwa na waifai za taasisi, vikiwemo vyuo vikuu, hadi Microsoft iliporudisha nyuma mabadiliko yaliyoleta tatizo. Katika matukio hayo yote hakuna kadi iliyokuwa imeungua.

Tatizo liko wapi?

Kabla ya kugusa mpangilio wowote, ni muhimu kujua iwapo tatizo ni la kompyuta moja au la mtandao mzima. Njia nyepesi ni kuunganisha simu janja na waifai ileile, data ya laini ikiwa imezimwa. Simu ikikosa intaneti pia, kompyuta haina kosa. Tatizo liko kwenye ruta, kwa mtoa huduma, au mbali zaidi. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ikazorota nchini Tanzania na katika nchi jirani. Mtu aliyekuwa amesasisha kompyuta yake siku hiyo angeweza kwa urahisi kulaumu sasisho.

Simu ikipata mtandao na kompyuta ikaukosa, hatua inayofuata ni kuiwasha upya kwa kuchagua neno Restart, si Shut down. Sababu ni ya kiufundi lakini si ngumu kuielewa: katika Windows 10 na Windows 11, kompyuta nyingi zinapozimwa huhifadhi sehemu ya hali ya mfumo ili ziwake haraka baadaye, na kosa lililokuwemo huhifadhiwa pamoja nayo. Restart huanza upya kabisa. Kwa kompyuta mpakato ambayo kadi yake ya waifai imetoweka kabisa, huenda ikasaidia kuizima, kuchomoa chaja, kutoa betri kama inatoka, na kubonyeza kitufe cha kuwashia kwa takriban sekunde 30 kabla ya kuiwasha tena. Fundi asiye na haraka huanza na hatua hiyo kwa sababu haina gharama.

Inafaa pia kuangalia kama alama ya ndege imewashwa, kwa kuwa huzima waifai yote, na kama kompyuta mpakato ina kitufe cha pembeni cha kuzimia waifai.

Kwa kompyuta iliyounganishwa kwa waya, tundu la mtandao lina taa ndogo. Taa ikiwaka, waya na tundu vimeshikana na kadi ina uhai; tatizo litafutwe kwenye draiva au mipangilio. Isipowaka, mtumiaji abadilishe waya, kisha ahamishie waya huo kwenye tundu jingine la ruta au swichi, na hatimaye auchomeke kwenye kompyuta nyingine inayofanya kazi. Kila mara abadilishe kitu kimoja tu. Anayebadilisha vitatu kwa pamoja anaweza kupata mtandao bila kujua kilichoponya, na kesho akarudi pale pale.

Draiva na namba za kosa

Katika Windows, orodha ya vifaa vyote vya kompyuta huitwa Device Manager, na hufunguliwa kwa kubonyeza kitufe cha kulia cha mausi juu ya alama ya Start. Chini ya Network adapters huonekana kadi za mtandao. Kadi yenye alama ya njano ya mshangao ina kasoro, na ukifungua sifa zake utakuta namba ya kosa ambayo inafaa kunakiliwa. Namba 28 inamaanisha draiva haijasakinishwa. Namba 22 inamaanisha kifaa kimezimwa ndani ya mfumo, na kinachohitajika ni kukiwasha tu. Namba 10 inamaanisha kifaa kimeshindwa kuanza, jambo ambalo baada ya sasisho mara nyingi hutokana na draiva, ingawa kasoro ya kifaa chenyewe nayo huweza kuileta.

Pale ambapo draiva ilibadilishwa na sasisho, sifa za kadi huwa na kitufe cha Roll Back Driver kinachorudisha draiva ya awali. Kitufe hicho kikiwa kimefifia, hakuna draiva ya awali iliyohifadhiwa, na itabidi draiva sahihi ipakuliwe kutoka tovuti ya mtengenezaji wa kompyuta kwa kufuata jina kamili la modeli. Draiva zisichukuliwe kwenye tovuti zinazodai kutengeneza kila tatizo bila malipo. Nyingi huleta programu zisizotakiwa.

Kupakua draiva ya mtandao kwenye kompyuta isiyo na mtandao kunaonekana kama mzunguko usio na mwisho, lakini simu inaumaliza. Simu janja ikiunganishwa na kompyuta kwa waya wa USB na kuwashiwa huduma ya kugawa intaneti, kompyuta huiona kama kadi nyingine ya mtandao. Tahadhari ni moja: kompyuta iliyotoka kusasishwa hupenda kuendelea kupakua masasisho mengine na inaweza kumaliza bando kwa dakika chache. Mtandao wa simu uwekwe kwanza kuwa Metered connection. Vinginevyo, draiva ipakuliwe kwa kompyuta nyingine na kuletwa kwa fleshi.

Kadi ikionekana nzima na bado hakuna mtandao, amri ya ipconfig katika dirisha la Command Prompt huonesha anwani ya kompyuta. Anwani inayoanza na 169.254 maana yake kompyuta iliomba anwani kwenye ruta, haikujibiwa, ikajipa yenyewe. Ofisi ambayo anwani zake huwekwa kwa mkono inapaswa kurejesha zile za awali. Hapa ndipo wengi hukwama, kwa kuwa namba hizo hazikuandikwa popote. Chaguo la Network reset linaweza kusaidia, lakini libaki la mwisho: hurudisha mipangilio yote ya mtandao katika hali ya mwanzo na kufuta ile iliyowekwa kwa mkono.

Suala la printa na diski za pamoja linastahili maelezo yake. Ofisi huweza kupata intaneti baada ya kusasisha lakini ikashindwa kufikia diski ya mtandao yenye majalada. Toleo la 24H2 la Windows 11, lililoanza kutolewa Oktoba 2024, limeongeza masharti ya usalama katika ubadilishanaji wa mafaili: matoleo ya Pro hayaruhusu tena kuingia kama mgeni asiye na nywila, na mawasiliano yanatakiwa kuwa na saini ya kidijitali. Diski ya zamani isiyoweza kutimiza hayo hukataliwa. Kompyuta hapo inafanya ilivyoagizwa, na suluhisho salama ni kusasisha programu ya diski yenyewe na kuiwekea jina la mtumiaji na nywila. Kuuondoa ulinzi huo kwenye kompyuta zote ili diski moja ifunguke ni biashara mbaya, hasa pale panapohifadhiwa taarifa za wateja.

Pale kifaa kinapokuwa kimeharibika kweli

Vifaa huharibika pia, na wakati mwingine hufanya hivyo katika wiki ileile ya sasisho. Vumbi la kiangazi cha Dodoma huingia kwenye matundu ya mtandao na kuzuia waya kushika vizuri. Msimu wa mvua, unaoanza mwishoni mwa mwaka, huja na radi ambayo huweza kupita kwenye waya wa mtandao au wa umeme na kuua tundu la kadi au la ruta. Ukifika asubuhi baada ya usiku wa radi, anza na taa za tundu.

Kipimo kinachotenganisha mambo haya mawili kwa uhakika mkubwa ni kuwasha kompyuta kwa mfumo endeshi mwingine ulio kwenye fleshi, kwa mfano Ubuntu, bila kuusakinisha. Mtandao ukipatikana humo, kadi ni nzima na tatizo ni la Windows. Usipopatikana hata humo, huku waya na ruta vikiwa vimethibitishwa, ndipo kununua kadi kunakuwa na sababu, na kadi ya nje ya USB huwa chaguo rahisi kuliko kubadilisha bodi.

Kompyuta ikilazimika kupelekwa kwa fundi, mwenye duka akumbuke kilichomo ndani yake. Nakala za vitambulisho, vyeti na fomu za wateja ni taarifa binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilianza kutumika 1 Mei 2023. Mafaili hayo yahamishwe na kufutwa kwenye kompyuta kabla haijatoka dukani, au kazi ifanyike mwenyewe akiwepo.

Watumishi wa umma wanaotumia kompyuta za ofisi hawapaswi kujaribu hatua hizi wenyewe. Mitandao ya taasisi za Serikali husimamiwa na vitengo vya TEHAMA kwa miongozo ya Mamlaka ya Serikali Mtandao (e-GA), iliyoundwa kwa Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019, na mtumishi anatakiwa kutoa taarifa katika kitengo chake akieleza lini sasisho lilifanyika na nini kinaonekana kwenye kioo. Kwa mwananchi ambaye kosa limeonekana kuwa la mtoa huduma wa intaneti, malalamiko huanzia kwa mtoa huduma huyo. Yasiposhughulikiwa hupelekwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA).

Kwa wanaojiandaa kusasisha

Suala hili limekuwa na uzito zaidi tangu 14 Oktoba 2025, siku ambayo Microsoft ilihitimisha huduma ya kawaida ya Windows 10. Kuahirisha bila kikomo kunaiacha kompyuta bila viraka vya usalama, na kuhamia Windows 11 ni mabadiliko makubwa kuliko sasisho la mwezi, hivyo uwezekano wa kadi ya zamani kukosa draiva ni mkubwa zaidi.

Anayejiandaa kuhama apakue draiva ya kadi yake ya mtandao na kuiweka kwenye fleshi mapema. Aandike kwenye karatasi majibu ya ipconfig /all, jina na nywila ya waifai, pamoja na anwani ya printa. Kompyuta mpakato iwe imejaa chaji, na kompyuta ya mezani iwe na kifaa cha akiba ya umeme, kwa sababu umeme ukikatika katikati ya usakinishaji tatizo litakalobaki litakuwa kubwa kuliko mtandao. Kazi hiyo isifanywe katika wiki ambayo dirisha la maombi au zabuni linafungwa. Baada ya kuhama, Windows kwa kawaida huruhusu kurudi toleo la awali ndani ya siku 10 kupitia sehemu ya Recovery, na katika siku hizo mafaili ya toleo la zamani yasifutwe ili kupata nafasi kwenye diski.