NAMBA YA RUBANI

Wanafunzi wenye kuziweza fizikia na hisabati hutamani urubani, na swali lao la kwanza huwa mshahara. Ni haki yao kuuliza. Lakini historia ya Shirika la Ndege la Afrika Mashariki yatuonyesha swali jingine linalostahili kutangulia: ukiajiriwa, unaingia namba ngapi?

Katika mashirika mengi makubwa marubani hupangwa katika orodha kwa tarehe ya kuajiriwa. Aliyetangulia ndiye hupata ukapteni kwanza, ndiye huhamia ndege kubwa yenye mshahara mnono, na wakipunguzwa watu yeye huwa wa mwisho. Saa alizoruka ni zake popote aendapo. Namba haihami naye.

Shirika letu lilianza mwaka 1946 na ndege ndogo sita aina ya Dragon Rapide. Mwaka 1960 likapata Comet 4, na mwaka 1966 Super VC10. Kwa miaka mingi usukani ulishikwa zaidi na Wazungu. Ndipo Jumuiya ikafungua chuo cha urubani huko Soroti, Uganda, mwaka 1971. Kijana aliyehitimu huko hakuwa na budi kuanzia mkiani mwa orodha, akingoja wageni waondoke naye asogee.

Muda huo hakuupata. Mapema mwaka 1977 shirika lilikufa, serikali tatu zikigombana juu ya madeni. Uganda ilikwisha anzisha lake mwaka 1976. Kenya na Tanzania zikafuata. Kenya Airways ilianza kwenda Ulaya kwa Boeing 707 za kukodi, na Air Tanzania ikategemea zaidi Fokker F27 na Twin Otter mpaka ilipopata Boeing 737. Kwa hiyo vijana wawili waliosoma darasa moja Soroti waligawanywa na pasipoti zao, wala si ujuzi. Huo, kwa maoni yangu, ndio uchungu wa mambo yale ambao haukuandikwa vya kutosha.

Shirika la Uganda nalo lilifungwa mwaka 2001, na jipya likaruka mwaka 2019. Marubani wa Kenya Airways walipogoma Novemba 2022, wengi walidhani wanadai nyongeza. Dai lao kubwa lilikuwa michango ya mwajiri katika mfuko wa akiba ya uzeeni, fedha ambazo rubani huondoka nazo hata orodha ikichanwa.