Nani Alilipia Kusoma Vinasaba vya Waafrika?

Mwaka 2015 Zimbabwe iliwabadilishia dawa watu wanaoishi na VVU: kidonge kimoja kwa siku, ndani yake dawa tatu, mojawapo efavirenzi. Haukupita muda, baadhi yao wakaanza kuona vitu visivyokuwepo. Wengine walipatwa na sonona. Dawa haikuwa mbovu. Takriban Mzimbabwe 1 kati ya 5 ana vinasaba vinavyofanya ini livunje efavirenzi polepole, kwa hiyo dozi ya kawaida ikalimbikizana mwilini. Profesa Collen Masimirembwa wa Harare alikuwa ameshaonya kuhusu hatari hiyo miaka kadhaa nyuma.

Januari ya mwaka huohuo, Rais Barack Obama alitangaza mpango wa utafiti wa tiba inayozingatia vinasaba vya kila mgonjwa, akaomba dola milioni 215. Serikali ya Marekani haikuwa mgeni katika kazi hiyo; ndiyo iliyogharamia sehemu kubwa ya mradi wa kusoma jenomu ya binadamu, yaani vinasaba vyake vyote, 1990 hadi 2003. Uingereza nayo ilikuwa mbioni kusoma jenomu 100,000, lengo ililofikia 2018.

Sampuli nyingi za tafiti za aina hii duniani, hata hivyo, zilikuwa za watu wenye asili ya Ulaya. Afrika, yenye tofauti nyingi za vinasaba kuliko bara lolote, iliachwa pembeni.

Mwaka 2010 taasisi ya afya ya serikali ya Marekani, NIH, ikishirikiana na Wellcome Trust ya Uingereza, ilizindua H3Africa, mradi wa kutafiti vinasaba na afya za Waafrika. Fedha zake ziliwafikia watafiti wa malale Makerere, na wa selimundu Muhimbili, Dar es Salaam, ambako Profesa Julie Makani na wenzake walikuwa wakiwaandikisha na kuwafuatilia wagonjwa tangu 2004. Mwaka 2020 watafiti wa H3Africa walichapisha uchambuzi wa jenomu za watu 426 kutoka jamii 50. Walikuta tofauti za vinasaba zaidi ya milioni 3 ambazo hazikuwahi kuandikwa popote. Milioni 3, kwa watu 426 tu!

Na serikali za Afrika zenyewe? Afrika Kusini ilithubutu. Mradi wake wa 2011, kwa fedha za umma, ulisoma jenomu za watu 24 na kutoa matokeo 2017. Ni wachache, lakini kodi ya wananchi ilitumika kuwajua wananchi, na hilo linastahili sifa.

Ufadhili wa H3Africa ulifikia kikomo 2022. Nchi za Umoja wa Afrika zilishaahidi kutenga asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti. Nyingi bado hazijaitimiza ahadi hiyo.