Picha Isiponunuliwa, Hasara Ni ya Nani?

Kila mwaka unapokaribia kwisha, shule za chekechea za Kibera na Kawangware, jijini Nairobi, hufanya mahafali. Watoto huvishwa majoho ya kitambaa cha kung'aa na kofia za pembe nne, nao wazazi hufika na mashada ya karatasi za rangi ya kuwavika shingoni. Wapiga picha pia hufika, wengine kwa mwaliko wa mwalimu mkuu, wengine kwa kuusikia tu muziki. Hawangoji kuitwa. Hupiga picha kila mtoto aliyevaa joho, na kabla mgeni wa heshima hajafika katikati ya hotuba, mwenzao aliyeketi kivulini na printa ndogo ya betri ameshaanza kuzitoa. Picha hutandazwa juu ya turubai karibu na lango. Akina mama hupita wameinama, kila mmoja akitafuta uso wa mwanawe. Akiuona, huambiwa shilingi 100. Akisitasita, bei huteremka hadi 50. Jioni wazazi wakishatawanyika, zile zilizosalia kwenye turubai haziuziki tena kwa mtu yeyote duniani, kwa sababu picha ya mtoto wa mwenyewe haina mnunuzi mwingine.

Abiria wa meli za kitalii zinazozunguka Karibi na Mediterania wanaijua biashara hii kwa sura nyingine. Anayepanda meli hupigwa picha mlangoni hata kabla hajajua chumba chake kiko wapi. Hupigwa tena usiku wa chakula cha heshima, na tena anaposhuka bandarini. Zamani zote zilichapishwa na kupangwa ukutani kwenye ukumbi wa picha, abiria akapita kujitafuta, na karatasi moja ikauzwa dola 20 au zaidi. Zilizokosa mnunuzi zilitupwa. Watu wengi huilalamikia bei hiyo kwa kuilinganisha na gharama ya wino na karatasi. Lakini anayenunua picha moja hulipia pia zile kadhaa zilizoishia kwenye taka, na kampuni yenye maelfu ya abiria wasio na duka jingine katikati ya bahari inaweza kupanga bei hiyo na bado ikapata faida.

Mpiga picha wa Kawangware anafanya hesabu hiyo hiyo, ila hana uwezo wa kuipandisha bei. Ndiyo maana naamini historia ya picha za kumbukumbu upande huu wa dunia inafaa kusomwa kwa swali moja: picha isiponunuliwa, hasara ni ya nani?

Swali lenyewe lilifika pwani pamoja na meli. Mfereji wa Suez ulifunguliwa mwaka 1869, na mwaka 1872 kampuni ya British India ikaanza kuleta meli za barua kutoka Aden hadi Zanzibar. Meli za Wajerumani za Deutsche Ost-Afrika Linie zikafuata miaka ya 1890. Kila chombo kilichotia nanga kilishusha watu wenye saa chache za kuzurura na hamu ya kurudi kwao na ushahidi. Wapiga picha wa Kigoa waliielewa hamu hiyo mapema. A. C. Gomes, ndugu wawili Coutinho na Pereira de Lord walifungua studio Zanzibar, wakauza picha za forodhani, za milango ya nakshi, za majahazi na za wanawake waliojipamba. Baadaye kadi za posta ziliifanya bidhaa hiyo kuwa rahisi zaidi kubeba na kutuma.

Kwa wafanyabiashara hao hasara ilikuwa ndogo. Picha ya jumba la Beit al-Ajaib isiyonunuliwa leo ingenunuliwa na abiria wa meli ijayo, na kioo kimoja cha negativu kiliweza kuzaa nakala mamia kwa miaka mingi. Mzigo mkubwa zaidi ulimwangukia aliyesimama mbele ya kamera. Mwanamke aliyeuzwa kwenye kadi hizo mara nyingi hakuandikwa jina, ila kabila tu, na kadi ilipokwenda Hamburg au London hakujua imeuzwa kwa kiasi gani. Tuushike mkataba huo akilini, kwani utarejea Kibera zaidi ya miaka 100 baadaye ukiwa umebadilika kidogo sana.

Reli iliyoanza Mombasa mwaka 1896 ilifika Nairobi mwaka 1899, na William Young akaipiga picha ilipokuwa ikijengwa. Mji uliozaliwa kutokana na reli hiyo haukuhitaji sura ya Mwafrika. Ulihitaji kazi yake. Kipande, kitambulisho cha kazi alichowekewa kwa sheria mwaka 1915, na ambacho wanaume walianza kukibeba baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kilikuwa na alama za vidole, na wengi walikivaa shingoni ndani ya kijaluba cha chuma. Wakati huo huo askari wa Kinubi waliolitumikia jeshi la Waingereza walikuwa wameshapewa makao Kibera, kwenye msitu uliotangazwa kuwa ardhi ya jeshi mwaka 1918. Nitarudi kwao.

Studio za mjini zilibadilisha mkataba. Sasa aliyepigwa picha alikuwa ndiye mnunuzi, naye alilipa, au aliweka arubuni, kabla taa haijawashwa. N. V. Parekh alifungua studio yake Mombasa mwaka 1942, na kwa miaka mingi wapenzi, maharusi na marafiki waliingia humo wakatoka wakiwa wamepangwa kama waigizaji wa filamu za Bombay. Kule Lamu, Omar Said Bakor alikata na kubandika picha hadi mtu akaonekana ndani ya ua au ndani ya redio. Zanzibar, Ranchhod Oza alikuwa ameshafungua Capital Art Studio mwaka 1930. Mtu wa kawaida alianza kujinunulia sura yake mwenyewe, na kwangu hayo ni mageuzi makubwa kuliko kamera yoyote iliyovumbuliwa.

Mageuzi hayo yaliwafikia wasio na kitu pale kivukoni Likoni, Mombasa. Miaka ya 1990 wapiga picha, wengi wao watu wa bara, walijenga vibanda vya mbao karibu na feri na kuvipamba kwa mapazia yaliyochorwa: ndege, majumba ya ghorofa, na meli kubwa nyeupe zenye madirisha ya duara. Kibarua aliyekuwa akivuka kwenda kazini alisimama mbele ya pazia hilo, akapigwa picha kama abiria, akaituma kwao. Wakati watalii halisi wa meli wakitozwa dola, mteja wa Likoni alisafiri kwa shilingi chache bila kuondoka ardhini. Ghasia za Agosti 1997, zilizowalenga watu wa bara, ziliwafukuza wengi wa wapiga picha hao. Wasomi wa nje wameandika juu ya vibanda hivyo kwa heshima kubwa, na laiti wenzetu wa hapa nyumbani wangefanya hivyo mapema.

Kibera na Kawangware zilikuwa na mapazia yao. Kando ya barabara ya Naivasha, na kwenye vichochoro vya Makina na Laini Saba, studio zilikuwa vyumba vya mabati vyenye kiti, maua ya plastiki, na koti na tai za kuazimwa. Mlinzi na yaya waliofanya kazi Lavington walikuja siku yao ya mapumziko. Picha ilikwenda mashambani kuthibitisha kwamba mtu ni mzima na kwamba Nairobi haijamla. Nyuma yake paliandikwa tarehe na salamu.

Lakini chumba kilitaka kodi, na wengi hawakuwa na nauli ya kupoteza. Ndipo akaingia mpiga picha wa kutembea, na hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, maana mtu huyu hajapewa haki yake. Alikuwa na kamera moja na filamu ya picha 36. Jumapili alipita kwenye makanisa, ubatizo, harusi na matanga, akipiga picha watu waliomwambia watalipa akizileta. Filamu isipojaa haikupelekwa kusafishwa, kwani kusafisha nusu ilikuwa kutupa pesa. Kwa hiyo picha ya ubatizo ilingoja mpaka harusi ya wiki iliyofuata ipatikane. Ikijaa, alikwenda mjini, akalipa maabara pesa taslimu kutoka mfukoni mwake, akarudi na bahasha. Hapo ndipo kazi ilipoanza upya. Aliyeahidi shilingi ameshazinunulia unga. Mwingine amefungiwa nyumba na mwenye ploti na amehamia Mukuru bila kuaga. Wa tatu anasema picha imemfanya mweusi mno na hailipii. Jina la kila mmoja liliandikwa kwenye daftari, na picha zilizokwama zilizunguka na mpiga picha mkobani kwa miezi.

Kwa lugha ya biashara, alikuwa anawakopesha majirani zake sura zao. Alifanya kile kile inachofanya kampuni ya meli, bila ukumbi, bila abiria waliofungiwa baharini, na bila mtaji isipokuwa chakula cha watoto wake. Bei ilibaki chini kwa sababu yeye aliibeba tofauti. Familia nyingi za mitaa hiyo zenye picha ya marehemu baba au ya harusi ya wazazi zinamiliki picha hiyo kwa sababu kuna mtu aliyekubali kupata hasara juu ya picha nyingine.

Bustani ya Uhuru Park, iliyofunguliwa mwaka 1969, ilikuwa soko kubwa la wapiga picha wa kutembea. Siku ya Krismasi familia zilishuka kwa miguu kutoka Kibera, watoto wamevaa nguo mpya zilizochaguliwa katika soko la Toi, wakapigwa picha kando ya ziwa dogo na mashua zake. Bustani ilipofungwa kwa ukarabati mwaka 2021, wapiga picha hao walipoteza mahali pa kazi kwa mkupuo, nami sikuona kelele nyingi zikipigwa kwa ajili yao.

Mkataba wa Zanzibar nao ulikuwa umesharudi. Kibera ilipopata sifa duniani kama mtaa wa mabanda, kamera za wageni ziliingia kwa wingi. Kennedy Odede, mwanzilishi wa shirika la SHOFCO aliyekulia Kibera, aliandika mwaka 2010 katika New York Times jinsi alivyokuwa na miaka 16, anaosha vyombo nje ya nyumba, mwanamke Mzungu akampiga picha na kuendelea na safari yake kabla hajasema neno. Picha za namna hiyo hupamba kadi za michango, vitabu na maonyesho. Zina bei, wakati mwingine kubwa, na aliyeosha vyombo hana hisa. Mwaka 2009 msanii Mfaransa JR alijaribu njia nyingine: alifunika mapaa ya Kibera kwa nyuso na macho ya wanawake wa hapo, zilizochapishwa juu ya plastiki isiyopitisha maji. Mtu anaweza kubishana kuhusu sanaa hiyo mchana kutwa, lakini waliopigwa picha walipata angalau paa lisilovuja.

Sasa nirudi kwa Wanubi, kwani wao wanaonyesha thamani ambayo hakuna turubai wala ukumbi wa meli unaoweza kuipangia bei. Kwa miongo mingi serikali iliwatazama kama wageni Kibera, na vijana wao walihojiwa mno walipoomba kitambulisho. Mwaka 2011 mpiga picha Greg Constantine alitoa kitabu kuhusu Wanubi wa Kenya, na ndani yake aliweka picha za zamani kutoka kwa familia zenyewe: askari waliovaa sare, maharusi, watu mbele ya nyumba zao. Zilikuwa picha za kumbukumbu, zilizolipiwa senti na shilingi kwa wapiga picha wa wakati huo, na sasa zikasaidia kueleza kwamba watu hawa wamekaa hapa tangu mwanzo wa karne ya 20. Mwaka 2017 jamii hiyo ilikabidhiwa hati ya ekari 288. Hati haikutokana na picha peke yake. Kulikuwa na kesi na miaka ya kudai. Hata hivyo, ningependa kila mwenye studio Kibera na Kawangware anayetupa masanduku ya negativu zilizoliwa na unyevu ajue jambo hilo, na ningependa zaidi Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka imtafute kabla hajazitupa. Moto ukiingia kwenye vyumba vya mabati hauchagui.

Filamu imekwisha. Kodak, iliyouza kamera ya Brownie kwa dola moja mwaka 1900, ilikimbilia ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake mwaka 2012. Mpiga picha wa leo hangoji picha 36 zijae, na M-Pesa, iliyoanza mwaka 2007, imempunguzia visingizio vya kukosa chenji. Lakini mteja wake ana simu, na swali analoulizwa mpiga picha kila siku ni kama anaweza kuituma picha kwa WhatsApp bure. Karatasi imebaki na nguvu pale tu inapopelekwa kwa nyanya asiye na simu ya kisasa, au inapowekwa kwenye fremu ukutani, na mahafali ya chekechea ni mojawapo ya mahali hapo.

Ndiyo sababu mkataba unabadilishwa tena, safari hii polepole. Meli nyingi sasa huuza picha kwa furushi kabla ya safari, na ukuta wa picha zilizochapishwa unaondoka. Baadhi ya shule za mitaani nazo zimeanza kuijumlisha picha kwenye ada ya mahafali, pamoja na kukodi joho. Mpiga picha hulipwa na mwalimu mkuu, hatandazi turubai, na harudi nyumbani na nyuso za watoto wasiochukuliwa. Namwonea furaha. Lakini mzazi ambaye zamani angeipata kwa shilingi 50 saa kumi na moja jioni sasa lazima apate ada yote wiki kadhaa mapema, na mtoto ambaye ada yake haikutimia hana joho siku hiyo. Wapiga picha wawili watatu bado husimama nje ya lango la shule hizo, nao humpiga picha mtoto huyo akiwa amevaa sare yake ya kawaida, kisha huanza mazungumzo ya bei na mama yake.