Maji ya Hola

Katika nyika yenye joto kali, kando ya mto Tana, upo mji mdogo uitwao Hola. Zamani za Hali ya Hatari, iliyotangazwa nchini Kenya tarehe 20 Oktoba 1952, serikali ya Kiingereza ilikuwa na kambi mahali hapo ya kuwafungia watu wa Mau Mau iliowahesabu kuwa wakaidi kupita wengine wote. Ukaidi wao ulikuwa huu: walihojiwa mara nyingi, kambi baada ya kambi, nao wakakataa kuungama kiapo, tena wakakataa kazi ya shuruti, wakisema kwamba wao ni wafungwa wa siasa, si wahalifu.

Wakuu wa serikali huko Nairobi wakaukubali mpango wa afisa mmoja wa magereza aitwaye Cowan, kwamba watu hao wapelekwe kazini, na wakikataa walazimishwe kwa nguvu. Tarehe 3 Machi 1959 mahabusu 85 walitolewa kwenda kuchimba mifereji. Askari wakawapiga kwa marungu. Watu 11 wakafa, na wengine wengi wakajeruhiwa vibaya.

Kesho yake serikali ilitoa tangazo. Haikutaja rungu wala kipigo. Ilisema kwamba vifo vilitokea baada ya watu hao kunywa maji ya gari lililotumiwa na wafanyakazi wote pamoja na walinzi wao. Angalia, msomaji, jinsi maneno hayo yalivyopangwa. Huenda maji yalinywewa kweli siku ile. Lakini neno la kweli likisemwa ili kuficha neno lililoulizwa, hilo nalo ni uongo. Msikilizaji aliachwa ajidhanie mwenyewe kwamba maji ndiyo yaliyoua.

Uongo huo haukuishi siku nyingi. Madaktari walipoichunguza miili waliona alama za mapigo, na hakimu aliyesikiliza habari za vifo hivyo akathibitisha kwamba vilitokana na kupigwa. Hata hivyo hakuna mtu hata mmoja aliyeshtakiwa kwa ajili ya damu ile. Usiku wa tarehe 27 Julai 1959 jambo hilo lilijadiliwa katika Bunge la Uingereza. Wapinzani, miongoni mwao Bibi Barbara Castle, walikuwa wakidai maelezo. Lakini hotuba iliyokumbukwa zaidi ilitoka upande wa chama kilichotawala. Bwana Enoch Powell alisema kwamba lawama iwafikie wakubwa walioidhinisha mpango ule, na kwamba Waingereza hawawezi kuwa na kipimo kimoja cha haki kwao na kingine katika Afrika.

Je, kwa nini serikali ilificha? Jibu twaliona katika barua ya mwaka 1957, ambayo Mwanasheria Mkuu wa koloni, Eric Griffith-Jones, alimwandikia Gavana Evelyn Baring juu ya kutumia nguvu kambini. Alishauri kwamba kama ni lazima kutenda dhambi, basi itendwe kimya kimya. Uhuru ulipokaribia mwaka 1963, majalada mengi ya siri yalihamishwa hadi Uingereza, yakafichwa huko kwa miaka mingi.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mwaka 2009 wazee watano, wanaume kwa wanawake, waliishtaki serikali ya Uingereza mjini London kwa mateso waliyotendewa kizuizini. Mwaka 2011, kesi ikiendelea, serikali hiyo ikakiri kwamba majalada yale yapo Hanslope Park. Tarehe 6 Juni 2013 Waziri William Hague alisimama Bungeni akakubali kwamba Wakenya waliteswa, akaeleza masikitiko. Zikatolewa paundi milioni 19.9 kwa ajili ya wadai 5,228 pamoja na gharama zao. Toka Hola hadi siku hiyo ilipita miaka 54, na wengi waliostahili kuyasikia maneno hayo walikuwa wamekwisha kufa.

Wala tusidhani kwamba ubaya huu ni wa wageni peke yao. Katika miaka ya 1980, chini ya jengo la Nyayo mjini Nairobi, Wakenya walioshukiwa kuipinga serikali walihojiwa na kuteswa na Wakenya wenzao, na wakubwa wakakana. Vyumba hivyo vilifunguliwa kwa umma mwaka 2003, na baadaye mahakama zetu zikawapa fidia baadhi ya walioteswa.

Basi, kijana, utakaposoma tangazo la serikali yoyote juu ya mtu aliyefia mikononi mwa walinzi, usitosheke na habari za maji. Uliza ni nani aliyempiga, na kwa amri ya nani. Uliza mapema, maana mjane na yatima hawawezi kungoja miaka 54.